Alisema Anacheza

Jumapili ile Mgeni alifika peke yake, na kuanzia hapo mambo yakaanza kwenda upande.

Walikuwa wamepanga aje na mpiga besi wa bendi yao, mtu mzima mwenye mvi na maneno yaliyokaa sawa, anayejua kuongea na wakubwa. Yeye ndiye angefungua mazungumzo ya posa. Kazi ya Mgeni ingekuwa kukaa ameinamisha kichwa, kuitikia "ndiyo, baba" na "hapana, mama", mpaka wenyewe wamalizane. Lakini asubuhi meneja wa hoteli akamng'ang'ania mpiga besi, vyombo vyote vihamie ukumbi wa juu siku hiyo hiyo, na mpiga besi akamwambia mwenzake, "Tangulia kuwaza, usitangulie kwenda. Nisubiri." Mgeni akasubiri, akatazama saa, akasubiri tena. Akaona vibaya kuwaweka wazee wa watu. Kwao alilelewa hivyo, mkubwa hangojeshwi. Akavaa koti lake la kijivu, akaja.

Pasi alimwona kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa amesimama chumba cha ndani na sinia la chai mikononi.

Pasi ni jina la hotelini. Alipewa na wenzake wa chumba cha chini, alikokuwa akinyoosha mashuka, vitambaa vya meza na makoti ya wanamuziki, na lilimganda mpaka nyumbani. Hata mama yake alimwita hivyo akiwa na furaha. Leo hakuwa amemwita chochote. Mama alikaa kwenye kochi la pembeni, mikono mapajani, akimpima yule mwanamume mrefu kuanzia viatu kwenda juu, kama anayetafuta mahali palipofumuka.

Na yule mwanamume jina la Mgeni lilimganda pia, ingawa alikuwa ameshakaa mjini muda mrefu kuliko meneja mwenyewe. Alikuja na kundi la wanamuziki kutoka nchi yake, kundi likavunjika, kila mmoja akashika njia. Yeye alibaki na saksafoni na shati moja. Akabeba makreti stesheni. Akaosha sahani jikoni pale hotelini, mpaka jioni moja mpuliza saksafoni wa bendi akaugua, naye akapanda jukwaani na mikono bado ina povu. Muziki wao ulikuwa jazi, ule muziki ambao mwenyewe anayeupiga hajui utampeleka wapi mpaka afike. Hakurudi tena jikoni.

Walijuana kwa kosa. Siku moja Pasi alikuta kwenye mfuko wa koti kibanzi cha mwanzi, chembamba kama ukucha, akadhani kijiti cha aiskrimu, akakitupa. Mgeni akashuka ngazi mbio. Kumbe ndicho kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni, kikikosekana ile ni bomba tu. Wakakitafuta pamoja kwenye ndoo ya taka, vichwa vyao vikagongana, na tangu siku hiyo Mgeni akawa hakosi sababu ya kushuka. Alisema mvuke wa pasi unaulainisha ule mwanzi. Pengine ilikuwa kweli. Mchana kazi ikiisha, Pasi alifunga mlango ili wageni wa juu wasisumbuliwe, Mgeni akapuliza polepole, naye akamfuata kwa sauti, bila maneno. Nyumbani alisema anachelewa kwa ajili ya vitambaa vya meza.

Mgeni lugha aliiokota tu, huku neno, kule neno. Kwao, muziki na mchezo vina neno moja. Kwa hiyo yeye siku zote alisema, "Nacheza saksafoni." Siku ya kwanza Pasi alicheka mpaka akashika meza. Akataka kumsahihisha, kisha akaliacha. Lilikuwa neno la kitoto, tamu, lenye kumfanya mwanamume mzima awe kama wake peke yake. Akalifuga lile kosa kama mtu anavyofuga njiwa.

"Karibu, kijana," baba mkubwa alisema.

Baba yake Pasi alikuwa amefariki zamani, na kaka mtu huyu, msimamizi mstaafu wa ghala la saruji, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika nyumba ile. Hakuwa mkali. Aliuliza maswali yake taratibu, moja moja, kama anayekagua magunia kabla ya kuyapokea.

"Mwenzako wa kukusemea yuko wapi?"

"Anakuja, baba. Mimi nimeona nisichelewe."

"Hilo zuri. Watu wako?"

"Wako mbali. Mama amekufa. Ndugu wapo, kila mmoja na nchi yake."

"Pole sana. Na kazi? Tumesikia uko hotelini."

Pasi akabana sinia. Hapa ndipo mpiga besi alipotakiwa aingie na maneno yake ya mafuta, maana wazee wengi wakisikia mwanamuziki huona chupa ya pombe.

"Nacheza, baba," Mgeni alisema.

Shangazi yake Pasi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akichambua kucha zake, akainua kichwa. "Unacheza?"

"Ndiyo, shangazi. Jioni. Watu wanakula, mimi nacheza."

"Mbele yao?"

"Mbele yao. Wengine wanaacha kula, wananitazama. Wengine wanalia."

"Hata mimi ningelia," shangazi alisema.

Nyuma ya pazia Pasi nusura acheke. Alimwona baba mkubwa akijaribu kuipata picha ile, jitu refu namna hii linakata viuno katikati ya sahani za watu. Lingekuwa jambo la kuchekwa na kusahihishwa, hata na watoto wangekuja kusimuliwa. Lakini baba mkubwa akajikohoza, akaenda kwenye swali lake jingine.

"Na binti yetu, mmejuana vipi?"

Uso wa Mgeni ukawaka. Swali hili alikuwa amelingoja. Alisogea mbele kwenye kiti, akaweka mikono magotini.

"Huyo nacheza naye, baba."

Shangazi akaacha kucha zake.

"Sijakusikia vizuri," baba mkubwa alisema, ingawa alisikia.

"Nacheza naye. Kila siku, akimaliza kazi. Anafunga mlango, watu wa juu wasisikie." Aliwatazama mmoja mmoja, akidhani wamenyamaza kwa kuguswa. "Sidanganyi, baba, mimi nimecheza na wengi. Kila mji niliopita. Wengine wazuri sana. Lakini kama yeye, hakuna. Nikicheza naye nasahau kwetu."

"Na hao wengi, uliwaacha?"

"Ndiyo. Ndiyo maisha yetu. Unacheza na mtu mwezi, miezi miwili, unaondoka. Sasa nimechoka. Nataka kucheza na huyu mmoja mpaka nizeeke."

Mama alifunika macho kwa kiganja.

Pasi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Hakuna mwanamke aliyewahi kuombwa kwa maneno mazuri kama yale, na katika nyumba nzima aliyeyasikia ni yeye peke yake. Wengine walisikia uchafu. Neno moja lingetosha. Avute pazia, aseme, "Baba, ana maana ya kupiga. Anapiga saksafoni, mimi naimba." Kisha? Kisha mama angegeuka na kuuliza, mlikuwa mnaimba saa ngapi, na ule mlango ulifungwa na nani, na vile vitambaa vya meza ulikuwa ukinyoosha lini. Uongo wa michana mingi ungemwagika kwenye zulia mbele ya mgeni. Pasi alihesabu haya yote kichwani, akajiambia, acha kwanza, mpiga besi atafika, atanyoosha.

"Kijana," baba mkubwa alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "binti yetu si mwanasesere."

Mgeni aligeuza lile neno mdomoni. "Mwanasesere ni nini, baba?"

Baba mkubwa alikuwa ameshasimama, na mwenye nyumba akisimama mgeni naye husimama. Hapo ndipo Mgeni alipojua kwamba kuna kitu amevunja, ila hakujua ni kipi. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepotea stesheni. Macho yake yakafika kwenye pazia, yakashuka. Pazia lile lilikuwa fupi. Chini yake palikuwa na vidole vya miguu anavyovijua, na kucha alizopaka rangi jana kwa ajili yake.

Akangoja.

Pasi akarudisha miguu nyuma, taratibu, mmoja mmoja, mpaka pazia likabaki na sakafu tupu.

"Asanteni," Mgeni alisema. "Samahani kama nimesema vibaya." Akaaga kwa heshima zote, akatoka. Shangazi akamsindikiza kwa macho mpaka getini.

"Mtu mwenyewe hata haoni haya," alisema. "Anasema huku anatabasamu."

Mpiga besi alifika mtu ameshaondoka, akiwa na jasho na maelezo mengi, akafungiwa geti kabla hajafungua mdomo. Na Pasi aliposema kichwa kinamuuma, shangazi akasema, "Mwacheni alale. Ana aibu," wakamwacha.

* * *

Jumatatu asubuhi Pasi alimkuta Mgeni ukumbini. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, mfagizi anapita katikati, madirisha yote wazi. Mgeni alikuwa amepiga goti jukwaani, anaifuta saksafoni kwa kitambaa kabla ya kuilaza kwenye sanduku lake. Pembeni palikuwa na begi.

Pasi alilitazama lile begi. Alijua maana yake. Kulikuwa na bendi moja kubwa, ya miji ya mbali, iliyokuwa ikimtaka tangu zamani. Aliiambia isubiri mpaka Jumapili ipite.

"Umewajibu," alisema.

"Nimepiga simu leo asubuhi. Naondoka na treni ya mchana." Hakuinua kichwa. "Besi amenieleza nilichosema jana. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniona sicheki, akaacha."

"Mgeni."

"Ninyi mnapiga simu. Mnapiga picha. Pasi mnapiga. Kumbe na saksafoni mnapiga." Alisema polepole, kama anayeweka vitu mezani. "Ninapiga saksafoni. Nimepatia?"

"Umepatia," Pasi alisema. Lilikuwa sahihi, halina kasoro, na hakulipenda.

"Muda wote huu hukuniambia."

"Lilikuwa tamu. Ulivyolisema wewe. Nilijua nikikusahihisha halitarudi."

Sasa alimtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na Pasi aliona afadhali ingekuwepo.

"Sikiliza. Kwetu nilikuwa na maneno yote na sikuwa na kazi. Hapa nina kazi na sina maneno. Mtu ananiuliza kitu, naokota neno kama naokota jiwe gizani, sijui ni jiwe au ni nyoka. Hilo sio kosa la mtu. Lakini nilikuwa najiambia, yupo mmoja, nikishika nyoka atanipigia kelele."

"Nilitaka."

"Ulikuwa pale. Niliona vidole."

"Najua uliviona."

"Ulielewa nilichokuwa nasema?"

Angeweza kusema hakusikia vizuri. Mlango ulikuwa wazi wa kusema hivyo, na yeye alikuwa na mazoea ya kudanganya. Lakini hakuweza.

"Kila neno," alisema. "Hakuna kitu kizuri nimewahi kuambiwa kama kile."

Mgeni alifunga sanduku. Vile vyuma vyake viwili vililia, kimoja baada ya kingine. Mfagizi akasogeza meza, akajifanya hana masikio.

"Basi subiri mpaka jioni," Pasi alisema. Alimshika mkono wa koti, koti alilolinyoosha mwenyewe mara zisizo na idadi, akijua kila mshono. "Subiri jioni tu. Nitakwenda nyumbani, nitawaambia wote. Nitawaambia na mlango nilifunga mimi."

"Ukimwona baba mkubwa amekaa, na mama amefunika macho, utasema kweli?"

Alichelewa kujibu. Si sana. Kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini Mgeni kazi yake ilikuwa kusikiliza. Jukwaani, mwenzako akichelewa namna ile, unajua kwamba hajui wimbo unakokwenda.

"Unaona?" alisema kwa upole, akautoa mkono wa Pasi kwenye koti, akaubusu kwenye vidole vyenye alama za moto wa pasi. "Sikuchukii. Sina hata nafasi ya kukuchukia. Ila mimi nimekuwa mgeni kwa watu wote, nimezoea. Kuwa mgeni na kwako, hilo sitaliweza."

"Wenzio wakikuuliza kwa nini umeondoka?"

"Nitawaambia bendi mpya inalipa vizuri. Wanamuziki wanaamini hilo haraka."

Alitabasamu kidogo. Akabeba begi mkono mmoja, sanduku mkono mwingine, akapita katikati ya meza na viti vyake vyenye miguu juu. Mlangoni hakugeuka. Pasi alishuka chumba cha chini, akawasha pasi, akanyoosha shuka moja mpaka likaanza kunuka kuungua.

Miaka ya mbele sauti ile ya saksafoni ingekuja kusikika redioni, na watu wangesema, huyu aliwahi kuwa hapa kwetu, na Pasi angezima redio au angeiongeza, kutegemea siku. Lakini hayo yalikuwa bado. Mchana ule kulikuwa na shuka tu, na mvuke, na mlango uliokuwa wazi kwa sababu hapakuwa na sababu ya kuufunga.

* * *

Jioni alisema.

Alisema akiwa amesimama, kabla hata ya kuvua viatu, baba mkubwa akiwa peku kwenye kiti chake, mama na shangazi wakikunja nguo. Ajabu yake, yalitoka yote, moja baada ya lingine, wala hayakuwa mazito kama alivyodhani. Saksafoni. Kibanzi cha mwanzi. Chumba cha chini. Lile neno, na jinsi alivyolifuga. Alipomaliza, shangazi alianza kucheka, ule mcheko wa kuanzia tumboni.

"Nilikuwa namwona anakata viuno," alisema. "Usingizi sikupata, namwona anakata viuno kwenye supu za watu." Kisha akamwona Pasi usoni, akarudi kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Kwa hiyo ni kupiga," baba mkubwa alisema. "Alitaka kusema anapiga."

"Ndiyo, baba."

"Na hao wengi aliowaacha ni wanamuziki."

"Wenye magitaa na mapiano, baba. Wengine wana ndevu."

Mzee alijipangusa uso kwa kiganja, kutoka paji la uso mpaka kidevuni. "Na mimi nikamwambia mambo ya mwanasesere. Mtu anakuja kwangu na moyo wake mkononi." Akamgeukia Pasi. "Sasa mbona hukufungua pazia, mwanangu? Ulikuwa hatua moja."

"Nilimwogopa mama. Nilimwambia nachelewa kwa ajili ya vitambaa vya meza."

Mama aliweka chini nguo aliyoishika.

"Vitambaa vya meza," alisema. "Mwanangu, mimi nimefua nguo za watu tangu hujazaliwa. Hakuna hoteli inayochafua vitambaa kiasi kile. Nilijua siku nyingi kwamba kuna mtu. Unarudi nyumbani unaimba, unaosha vyombo unaimba. Nilikuwa nangoja tu umlete."

Pasi alimtazama mama yake. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Ulijua?"

"Jana nilifunika macho kwa sababu nilidhani nimekosea. Nilidhani yule unayemwimbia ni mtu mwingine, na huyu amekuharibu."

"Nileteeni viatu vyangu," baba mkubwa alisema.

"Kwenda wapi saa hizi?" shangazi aliuliza.

"Kwa kijana. Nimemkosea nyumbani kwangu, siwezi kumwita aje tena nimwombe radhi. Namfuata mwenyewe." Alikuwa ameshainama, anaingiza mguu, pumzi zake nzito kwa sababu ya kifua chake cha saruji. "Nikimkuta namwambia, mimi mzee wako sikuelewa, rudi Jumapili, na tarumbeta lako ulibebe. Anakaa wapi? Pale pale hotelini?"

Mama alikuwa ameanza kutabasamu. Alimgeukia Pasi ili atoe jibu, na lile tabasamu likasimama hapo hapo lilipofika.

"Ameondoka, baba," Pasi alisema. "Na treni ya mchana."

Baba mkubwa hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga kamba za kiatu mpaka mwisho, akazikaza vizuri, kisha akaanza kiatu cha pili.